Uvimbe Usio na Haraka

Mjomba wangu ni mpiga picha. Studio yake ipo Magomeni, chumba kimoja chenye pazia la buluu, taa mbili zilizovikwa miavuli myeupe, kioo cha kujitazamia, na kitana kilichofungwa kamba ukutani ili wateja wasiondoke nacho. Harusi na maulidi huja kwa msimu. Kinachomlisha siku zote ni paspoti saizi. "Tazama hapa. Usicheke. Serikali haitaki kuona meno." Ndivyo anavyowaambia wateja, na karibu kila mtu akiambiwa hivyo hucheka, ikabidi picha irudiwe.

Naanza na studio kwa sababu humo ndimo ugonjwa wake ulimopigwa picha miaka kadhaa kabla sisi hatujajua kuwa ni ugonjwa. Nitafika huko, msomaji, usiwe na haraka. Ugonjwa wenyewe haukuwa nayo.

Mwanzoni mwa mwaka 2016 jicho lake la kushoto lilianza kuchelewa kufumba. Kope la kulia linashuka, la kushoto linafuata baadaye kama mtoto aliyeamshwa alfajiri. Wiki chache zikapita, pembe ya mdomo nayo ikalegea, chai ikawa inamvuja kidevuni. Nyumbani kila mtu akatoa hukumu yake. Mama akasema ni kiharusi. Jirani akasema amepigwa na upepo mbaya, maana mjomba alikuwa na tabia ya kurudi usiku wa manane kutoka kwenye harusi. Bibi, ambaye hachelewi, alikwishaona kijinundu chini ya sikio lake la kushoto, akasema hayo ni matubwitubwi ambayo hakuyaugua utotoni. Akampaka masizi. Mtu mzima wa miaka 46, masizi shavuni, anapiga watu picha. Tulicheka sana, Mungu atusamehe.

Zahanati moja ya mtaani walimpa vidonge vya presha. Presha yenyewe hakuwa nayo, lakini mdomo umepinda, na mdomo uliopinda ni kiharusi, basi. Alivimeza miezi mitatu.

Aliyeshtuka kwanza alikuwa daktari kijana wa hospitali nyingine, pengine alinizidi miaka mitano tu. "Mzee, hebu pandisha nyusi, kama umeona ajabu." Upande wa kulia wa paji ukakunjamana, wa kushoto ukabaki laini kama sahani. Baadaye nilijifunza maana ya jaribio lile. Kiharusi kikipindisha uso, mara nyingi huliacha paji, kwa kuwa misuli ya paji hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo. Paji likilala pamoja na mdomo, shaka inahamia kwenye neva yenyewe inayopeleka amri usoni. Daktari akapitisha kidole chini ya sikio, akakigusa kile kijinundu cha bibi.

"Hiki kina muda gani?"

"Kama miaka minne hivi. Hakina neno. Kinanitambaa tu kama sisimizi."

Daktari akaacha kuandika.

Walikichoma sindano, kisha wakachukua kipande cha nyama kikapelekwa maabara, na baada ya majuma karibu manne karatasi ikarudi. Mjomba alinikabidhi pale pale koridoni. "Wewe si ndiye msomi? Nisomee." Wakati huo nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni, nasoma fasihi, natunga mashairi huru ya kuwalaumu wakubwa na wasichana. Karatasi ilikuwa na mistari sita ya Kiingereza. Adenoidi sistiki kasinoma. Neno la mwisho nililijua. Nikazuga nasoma taratibu.

"Inasemaje?"

"Inasema turudi kwa daktari, mjomba."

Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza katika ugonjwa huu, na ulikuwa mdogo.

Nyie mnaoandika mnaijua hali hii: neno likikushinda halikuachi ulale. Nililifuata lile jina kwenye maktaba ya chuo, kwenye intaneti, na kwa kumganda yule daktari kijana hadi akawa ananikimbia. Niliyoyapata nayaandika hapa kama nilivyoyaelewa mimi, mtu wa mashairi.

Binadamu ana jozi tatu za tezi kubwa za mate: mbele ya masikio, chini ya taya, na chini ya ulimi. Mbali na hizo, vitezi vidogo mamia vimetapakaa midomoni, mashavuni, kaakaani hadi kooni. Zote kwa pamoja hutoa kama nusu lita mpaka lita moja na nusu ya mate kwa siku. Mimi nilikuwa sijawahi kuyafikiria mate hata siku moja, labda nikipita penye mishikaki. Uvimbe mwingi unaoota kwenye tezi ya mbele ya sikio si saratani. Katika kila mitano, kama minne haina ubaya huo. Hili nalisema kwa makusudi, asije mtu akasoma hapa, akajipapasa shingo, akakesha. Lakini kadiri tezi inavyokuwa ndogo ndivyo uvimbe wake unavyostahili kushukiwa zaidi. Saratani za tezi za mate zenyewe ni chache, na hii ya mjomba ni sehemu ndogo ya uchache huo. Daktari anaweza kumaliza mwaka mzima bila kukutana nayo. Ndiyo maana sikumchukia sana yule wa vidonge vya presha. Kidogo nilimchukia.

"Alikuwa anavuta?" Watu wote waliuliza hivyo, hata msibani, hata kwenye dala. Mjomba havuti wala hanywi, na saratani hii haijaonyeshwa kuletwa na sigara wala pombe. Wala hairithiwi kama urefu au upara. Mwaka 2009, mwaka uleule niliomaliza darasa la saba, watafiti wa Sweden walionyesha kwamba katika uvimbe mwingi wa aina hii kromosomu ya 6 na ya 9 zimebadilishana vipande. Kwa kubadilishana huko jeni moja iitwayo MYB, ambayo kazi yake ni kuhimiza seli zijigawe, inaunganishwa na jeni nyingine, NFIB, na inakosa wa kuizima. Ajali ndani ya seli moja. Nilipomweleza bibi kwamba hakuna mtu aliyemtupia mwanawe kitu, akanitazama kwa huruma, kwamba nimesoma mpaka nimepotea.

Daktari wa maabara, ambaye nilimwomba kwa magoti, aliniruhusu kuchungulia kwenye hadubini. Nilitegemea kuona kitu cha kutisha. Nikaona chekeche. Seli za rangi ya zambarau zimejipanga kwa utulivu, katikati yake matundu ya duara, mengi, safi kabisa, kama chekeche la unga. Akanieleza kuwa uvimbe wenye matundu ni afadhali kidogo kuliko ule ulioshikamana bila tundu, ambao huwa mkali zaidi. Katika miaka ya 1850 Theodor Billroth, daktari bingwa wa upasuaji ambaye pia alikuwa rafiki wa mtunzi wa muziki Johannes Brahms, aliupa uvimbe huu jina la silindroma kwa sababu ya maumbo ya mirija aliyoyaona humo. Kwa hiyo umejulikana zaidi ya miaka 150. Nilipoyatoa macho kwenye ile hadubini nilijisikia vibaya kwamba nimeuona ni mzuri.

Tabia yake kuu ni mbili, na ndizo zilizomfanya mjomba awe kama alivyo leo.

Ya kwanza, unapenda neva. Saratani nyingine hutanuka kama bonge la ugali. Huu hutambaa pembezoni mwa neva kama mchwa wanavyofuata mwimo wa mlango. Kwa nje mwimo ni mzima, umepakwa na rangi. Ule utambaaji wa sisimizi, lile ganzi, jicho kuchelewa: hizo zilikuwa nyayo. Na tezi ya mbele ya sikio ndimo inamopita neva ya uso. Daktari wa upasuaji alituonyesha kwa kuweka kiganja chake shavuni, vidole vimetanuka: kimoja kinakwenda kwenye kipaji, kimoja kwenye jicho, kimoja shavuni, kimoja kwenye taya, cha mwisho kinashuka shingoni. "Neva ikiwa safi, tunaupasua uvimbe kuizunguka. Yako, mzee, haiko safi."

Mjomba alifikiri kidogo. "Mimi nafumba la kushoto, nalenga kwa la kulia. Sasa hilo la kushoto lisipofumba kabisa, nitalengaje?"

Yule daktari, mtu mzito sana, akasema, "Utalifunika kwa kitambaa." Akafikiri tena. "Nitakuja unipige mimi kwanza." Na alikuja kweli, mwaka uliofuata.

Walimpasua mwezi wa nane. Saa saba alikuwa mezani. Tezi ilitoka, neva ilikatwa, na upande wa kushoto wa uso wa mjomba ukalala moja kwa moja. Kope halishuki, kwa hiyo mchana ni dawa ya matone na usiku jicho linafungwa kwa plasta, la sivyo linakauka na kuumia. Alipoweza kuzungumza alimwambia mama, "Sasa mimi ni paspoti ya kudumu. Sicheki tena." Mama hakucheka. Mimi nilitoka nje.

Baada ya upasuaji huja mionzi, kwa sababu mchwa hawaonekani wote kwa macho, na dawa za saratani za kupitisha kwenye mshipa haziusumbui sana uvimbe huu. Alipigwa mionzi Ocean Road, kwenye lile jengo la Wajerumani linalotazama bahari. Siku tano kwa wiki, wiki sita na siku kadhaa, mara 33 kwa jumla. Kwanza walimkagua meno, maana mdomo mkavu huozesha meno. Kisha wakamtengenezea barakoa: plastiki inalainishwa kwa maji ya moto, inalazwa usoni, inapoa na kushika sura yake, halafu kila siku anafungwa nayo mezani asitikisike. Siku ya mwisho aliomba apewe. Ipo studio mpaka leo, imening'inia juu ya printa, uso wa mjomba wenye vitundu vitundu. Watoto wakija kupigwa picha huiogopa, wakatulia vizuri.

Tulikuwa tukipanda dala hadi Posta halafu tunatembea. Juma la tatu mate yakaanza kumkauka. Hapo ndipo nilipojua mate ni nini. Ugali ulimkaa mdomoni kama mchanga. Pilau, ambayo mjomba angeweza kuifuata hadi Kibaha, akasema ina ladha ya karatasi. Alitembea na chupa ya maji kama mtoto wa chekechea. Siku moja kwenye benchi la kusubiri aliniambia kitu ambacho sijakisahau: "Mjomba," (yeye ananiita mjomba nami namwita mjomba, kwetu ndivyo) "unajua nimekumbuka nini? Utotoni tulikuwa tunashindana kutema mate, nani anafika mbali. Nilikuwa bingwa." Mate yalirudi baadaye, si yote.

Wakati anatibiwa mimi ndiye niliyeshika studio, baada ya vipindi, kwa kuwa mkwanja ulikuwa unatoka tu hauingii. Mchana usio na mteja nilifungua picha za zamani kwenye kompyuta. Mwaka 2009: mimi na sare ya darasa la saba, mjomba kanishika bega, mashavu yake yote mawili sawa. Mwaka 2012, harusi ya dada: chini ya sikio la kushoto pana kivuli kama punje ya mahindi. Niliikuza picha. Punje ipo. Idi ya 2014: punje imekuwa kunde mbili, na ule mkunjo unaotoka puani kushuka mdomoni, kulia umekolea, kushoto umeanza kufutika. Mtu huyu kazi yake ni kutazama nyuso. Alizitazama nyuso za Magomeni nzima, akisahihisha kola na kufuta jasho, na hakuna aliyeutazama wa kwake. Nami nilikuwa naingia mle karibu kila siku.

Tabia ya pili ndiyo iliyonitia katika uongo mkubwa.

Uvimbe huu hauna haraka. Wagonjwa wengi, zaidi ya theluthi mbili, huwa hai miaka mitano baada ya kugunduliwa, na katika saratani nyingi miaka mitano ni sherehe. Huu hauhesabu hivyo. Unaweza kurudi baada ya miaka kumi, hata kumi na tano, palepale ulipotolewa au mbali, na mahali unapopenda zaidi ni mapafu. Ukitazama miaka kumi na tano, waliobaki ni karibu nusu au chini yake. Haya niliyasoma mwezi wa tisa mwaka 2016, usiku, kwenye chumba cha kompyuta chuoni. Madaktari walimwambia mjomba arudi kila baada ya miezi kadhaa "kwa uangalizi". Neno uangalizi yeye alilielewa kama kupeleka gari sevisi.

Nilisoma pia habari za watu maarufu, pengine kutafuta faraja. Adam Yauch, yule MCA wa Beastie Boys, alitangaza mwaka 2009 kuwa ana saratani ya tezi ya mate, akafa Mei 2012 akiwa na miaka 47. Roger Ebert, mwandishi wa uhakiki wa filamu wa Chicago, alipata ya tezi ya dundumio mwaka 2002, kisha mwaka 2003 ikaonekana kwenye tezi ya mate. Mwaka 2006 akapoteza sehemu ya taya na sauti yote. Hakula tena kwa mdomo wala kusema. Aliandika tu, na aliandika kwa wingi kuliko alipokuwa anasema, hadi alipofariki Aprili 2013. Huyu nilimpenda. Lakini sikumsimulia mjomba habari zake, kwa sababu zina mwisho.

Mwaka 2018 mjomba aliniita studio, akafunga mlango. Alikuwa na akiba. Mtu anamuuzia kiwanja Chanika. Akinunua ataanza msingi, na nyumba itamchukua miaka kumi kumalizia, kidogo kidogo. "Wewe umeusoma huu ugonjwa kuliko mimi. Nimepona au sijapona?"

Nilitazama ile barakoa ukutani. Nikasema, "Umepona, mjomba."

Sitajitetea. Nilikuwa na miaka 23 na nilitaka kumpa mtu kitu, na kwa wakati ule sikuwa na kitu kingine. Kununua akanunua. Nyumba ikafika kwenye linta, ikasimama.

Mwaka 2023 alipiga picha ya kifua katika uangalizi wa kawaida. Alikuja nayo studio kwenye bahasha kubwa ya kaki. Nilikuwepo, nimekuja kumsalimia. "Shikamoo mjomba." "Marahaba." Hakuniambia neno jingine. Aliwasha taa moja, akaitoa ile filamu, akaiinua mbele ya mwanga kwa vidole viwili, pembeni, asiichafue, kama alivyokuwa akiinua negativu zamani kabla ya digitali.

"Imepigwa vizuri," akasema. Kisha akaanza kuhesabu kwa kidole kidogo, bila kugusa. "Moja. Mbili. Hapa tatu." Alifika saba. Vidoa vya duara, vidogo, vimetulia.

Akaieleza kama alivyoelezwa. Kwamba vinaweza kukaa muda mrefu vikikua polepole, kwamba hana kikohozi wala hasikii kitu, kwamba kwa sasa watavifuatilia tu, kuvishambulia kwa dawa kali kungemuumiza yeye kuliko vyenyewe. Kwamba wapo wanaoishi navyo miaka. Halafu akaizima taa.

"Daktari kasema hili hutokea sana kwa ugonjwa huu. Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka ule wa upasuaji."

Alikaa kwenye stuli ya wateja, mbele ya pazia la buluu. Upande mmoja wa uso wake ulikasirika; ule mwingine haukuwa na habari. Nilitamani apige kelele. Akasema polepole kwamba asingenunua Chanika. Angenunua kamera ya pili, angemfundisha binti yake kazi tangu wakati ule, akiwa kidato cha kwanza na mikono bado inamsikiliza. Miaka mitano, akasema. Miaka mitano ningekuwa nimemfundisha kila kitu. Sikuwa na jibu, na hata leo sina.

Mlango ukagongwa. Mama mmoja na kijana wake wanataka picha nne za haraka, za kitambulisho. Mjomba akainuka, akalifunika jicho la kushoto kwa kitambaa. Kisha akasita, akaivua kamera shingoni, akamwita binti yake aliyekuwa nyuma anakata picha kwa mkasi.

"Njoo. Usiishike hivyo, kiwiko kibane mbavuni. Mwambie atazame hapa."

"Tazama hapa," binti akasema.

"Mwambie asicheke."

Kijana alikwishacheka. Mjomba alinipa mkasi bila kunitazama, nikakaa chini nikaendelea kukata.